Fundo la Mtambile

Meli ikishafunga gatini Mkoani
mie ndipo huwa mtu.
Wapagazi wanapandisha nondo, saruji, mbao,
na gari yangu haina ubavu, haina paa,
sakafu tupu juu ya magurudumu kumi.
Wenye makontena hucheka: "Gari gani hii, kama mkeka?"
Sawa. Mkeka.
Lakini mkeka humpokea kila mgeni,
hata asiyeenea mlangoni.

Nimebeba tangi la kiwanda cha makonyo,
refu, watoto wakalikimbilia wakidhani kombora.
Nimebeba kabati la bibi harusi,
kioo chake kimetazama nyuma,
Chake nzima ikajiona inapita.
Kwangu hakuna siri: nikikatiza sokoni
watu wanajua nani anajenga,
na nani kaishiwa,
maana bati zake kumi na mbili
na chumba kinataka ishirini.

Shoka, utingo wangu, kijana wa Kiuyu,
anadhani kazi ni usukani.
Kazi ni fundo.
Mnyororo kwanza, upite msalaba,
kisha mkanda, kisha turubali,
na penye ncha ya bati tia gunia,
la sivyo mkanda unalika
kimyakimya, kama mshahara wenye deni.
Tena mzigo una hila: ukishatikiswa maili chache
unajipanga upya, unajipatia nafasi,
na kamba iliyokaza gatini inalegea
bila kukuaga.

Ndiyo maana tunasimama Mtambile.
Kila safari. Mvua ikinya. Tajiri akipiga simu.
Unaupiga mkanda kwa kiganja:
ukilia, twende.
Ukinyamaza, vua shati, anza upya.

Sikusimama, mara moja.
Mwezi ishirini na saba Ramadhani,
jua limeinama, kinywa kikavu,
na Konde mke wangu kapika muhogo wa nazi.
Nikasema, leo Mungu atashika kamba.

Mteremko wa Ole nikasikia
kama mtu anapasua kanga.
Kwenye kioo nikaliona bati moja limeinuka,
likasimama hewani kidogo, likiwaza,
kisha likaivuka barabara, likaivuka mihogo,
likakata tawi la mshelisheli
na kutua uani kwa Bi Mize,
shubiri moja kutoka kwa mjukuu wake
aliyekuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi.
Mtoto hakuinuka.
Nazi ilikuwa bado mkononi, nusu nyeupe.

Nilikuja mbio, maneno yote yamenimwagika njiani.
Bi Mize hakupiga kelele.
"Mwanangu," akasema, "bati lako limefika.
Wewe bado."
Adhana ikalia. Akanipa tende.
Tende ile mpaka leo haijashuka.

Bati nililikatwa kwenye ujira, likabaki kwake.
Kaezekea jiko: pande moja la buluu
katikati ya makuti.
Kila nikifika juu ya mteremko
linaniwakia usoni, kama taa ya askari.
Sipigi honi. Napunguza mwendo.
Yule mtoto siku hizi anavaa sare ya skuli,
huwaonyesha wenzake kwa kidole:
"Lile ndilo lililotaka kunichinja,"
na wote wanacheka, naye zaidi.

Juzi Shoka kaniuliza:
"Bosi, mbona hutafuti kontena?
Unafunga mlango, unatia kufuli, unasahau."
Nilitaka kumwambia habari ya kioo cha kabati,
mawingu yaliyokuwa ndani yake,
habari ya fundi wa Micheweni aliyeipapasa nondo
kama anampokea mwana kutoka safari.
Nikaona tumefika Mtambile.
Nikazima injini.

"Shuka. Shika upande wako."
Nikaupiga wangu kwa kiganja: ukalia.
Nikasimama pale, jua la saa saba utosini,
sikio langu likisubiri
upande wa pili wa mzigo.